Kipima-goti cha vihisi viwili: kuona pembe ya mguu papo hapo kwenye simu

Mtu aliyevunjika paja au kuumia goti kwenye ajali ya boda akishafunguliwa plasta, jamaa zake humshangilia kana kwamba amepona. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Goti limekakamaa, misuli imenywea, na asipolikunja kila siku kwa mpango litabaki lilivyo.

Kwetu Uganda goti lisilokunjika humtesa mtu kila siku. Kutembea barabara tambarare huhitaji likunjike nyuzi 60 na ushei. Kuketi na kuinuka kitini bila shida kunadai 90 au zaidi. Kuchutama kwenye choo cha shimo kunavuka 110, na vivyo hivyo kupiga magoti kumsalimu mkwe kama desturi ya Buganda na Busoga inavyotaka, au kukalia nyayo katika swala. Aliyekwama kwenye 85 anatembea, naam, lakini kila aendako lazima aombe kiti.

Hospitalini pembe hii hupimwa kwa goniometa, ile rula ya mikono miwili yenye duara la nyuzi katikati. Ni chombo kizuri. Shida ni kwamba mgonjwa hupimwa siku ya kliniki tu, kisha anarudi kijijini kufanya mazoezi peke yake bila kujua kama jana alifika mbali kuliko leo. Vihisi vidogo vya mwendo vinaweza kuziba pengo hilo. Kimoja kinafungwa kwenye paja, kingine kwenye muundi, na simu ya kawaida inaonyesha pembe ya goti wakati mguu unakunjwa.

Mwongozo huu ninauandikia mafundi wa simu na redio, wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na yeyote anayejua kushika chuma cha kulehemu na aliyewahi kupakia programu kwenye bodi ya Arduino. Nimeuandika nikiwa Busia, mji ambao boda boda zilianzia kama baiskeli za kuvusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Majeruhi wa pikipiki tunawajua kwa majina. Kifaa hiki ni cha kumsaidia mtaalamu wa fiziotherapia na mgonjwa wake. Mpango wa mazoezi unabaki mikononi mwa mtaalamu.

Vifaa

Tafuta bodi mbili za GY-521. Kila moja ina chipu ya MPU-6050 ya kampuni ya InvenSense, yenye upana wa milimita 4 kwa 4 na unene usiofika milimita 1. Ni vihisi vya zamani kidogo na vipo vilivyo bora zaidi, lakini ni vya bei nafuu, vinapatikana kwa urahisi, na kwa kazi hii vinatosha kabisa. Unahitaji pia bodi moja ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye Wi-Fi inayopokea programu za Arduino, pawa benki ndogo, mikanda miwili mipana ya velkro, na vikasha viwili vidogo vya plastiki vya kufungia bodi.

Kwa waya, usinunue kitu. Chukua kebo kuukuu za USB. Ndani mna nyaya nne laini za rangi tofauti, idadi ileile tunayoihitaji. Hakikisha tu ni kebo iliyokuwa inahamisha picha na faili, kwa sababu kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili tu za kuchajia.

Kampala utavipata kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Sisi wa mpakani wakati mwingine huagiza Nairobi, Luthuli Avenue, na mzigo unafika kwa basi la usiku. Agiza bodi tatu za kihisi badala ya mbili, uwe na ya akiba.

Kinachoendelea ndani ya chipu

Usiruke sehemu hii, kwa maana ndiyo itakayokuokoa namba zitakapoanza kukuchanganya.

Ndani ya MPU-6050 mna vipimo viwili. Cha kwanza ni akselerometa: vipande vidogo mno vya silikoni vilivyoning'inizwa kwenye springi za silikoni hiyohiyo. Chipu ikiinama, kipande kinasogea kidogo, uwezo wa kuhifadhi chaji kati yake na kuta zake unabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Kihisi kikiwa kimetulia, kinachopimwa ni uvutano wa dunia peke yake. Kwa hiyo akselerometa ni kama timazi ya mjenzi: inajua chini ni wapi, na haisahau hata ikikaa mwaka mzima. Lakini ukiitikisa inayumba, na inapoyumba haifai kusomwa.

Cha pili ni jairoskopu. Humo vipande vya silikoni vinatetemeshwa mfululizo, na chipu ikizungushwa, nguvu ya Coriolis inavisukuma pembeni kiasi kinacholingana na kasi ya mzunguko. Jairoskopu haijali mtikisiko na inajibu upesi sana. Ila haikupi pembe, inakupa kasi, yaani nyuzi kwa sekunde. Pembe unaipata kwa kujumlisha kasi hiyo kidogo kidogo, na kila kosa dogo nalo linajumlishwa. Kihisi kinachodai kinazunguka nusu nyuzi kwa sekunde ilhali kimelala mezani kitakuwa kimepotea kwa nyuzi 30 baada ya dakika moja.

Ufundi wote uko katika kuviunganisha hivi viwili: jairoskopu ifuate mwendo wa haraka, timazi iirudishe njiani polepole.

Sasa lipo jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Timazi haioni mzunguko unaofanyika kuuzunguka mstari wa wima. Ukiweka bodi mezani na kuizungusha kama mtu anavyozungusha sahani, uvutano kwake haubadiliki, kwa hiyo upande huo jairoskopu haina wa kuisahihisha. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua magnetometa, yaani dira ya kielektroniki. Kabla ya kufanya hivyo, jiulize kama kazi yako inaweza kupangwa ili pembe unayoitaka iwe ile ambayo uvutano unaiona. Kwa goti inawezekana. Mgonjwa akikaa kitini au akilala chali, mguu hukunjika katika wima, na timazi inaona kila nyuzi. Uamuzi huu mmoja unaondoa nusu ya matatizo ya kazi nzima.

Hatua ya 1: Unganisha nyaya

Vihisi vyote viwili hutumia njia moja ya mawasiliano, I2C. Kwenye ESP32 unganisha hivi: pini ya 3V3 iende VCC ya bodi zote mbili, GND kwa GND, namba 21 kwa SDA, na namba 22 kwa SCL. Kwa kihisi cha muundi ongeza waya mfupi kutoka AD0 hadi VCC, palepale kwenye bodi. Waya huo ndio unaobadilisha anwani yake kutoka 0x68 kuwa 0x69, ili ESP32 isivichanganye. Cha paja kiache kama kilivyo.

Lehemu viungo vyote. Nyaya za kuchomeka za bredibodi zinafaa mezani, lakini kwenye mguu unaotembea zitachomoka. Waya wa kwenda kwenye muundi usizidi nusu mita sana, na uache ulegevu kidogo karibu na goti ili usivutwe mguu ukikunjika.

Pakia programu ya kusaka anwani za I2C, ile inayokuja na mifano ya Arduino. Unapaswa kuona 0x68 na 0x69. Ukiona moja tu, waya wa AD0 haujashika. Usipoona yoyote, SDA na SCL zimebadilishana.

Kisha soma rejista 0x75, yaani kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu ambamo hujitambulisha. MPU-6050 halisi hujibu 0x68, hata ile iliyohamishiwa anwani 0x69, kwa hiyo usishtuke. Ukipata 0x70, umeuziwa bodi yenye MPU-6500. Haina neno kwa kazi hii, anwani za rejista tunazozitumia ni zilezile, ila baadhi ya maktaba za programu zitaikataa na kudai kihisi hakipo. Ndiyo sababu napendekeza usome rejista mwenyewe badala ya kutegemea maktaba. Ni mistari michache tu.

Hatua ya 2: Amsha kihisi na ukipange

MPU-6050 ikipata umeme hulala. Iamshe kwa kuandika 1 kwenye rejista 0x6B. Wengi huandika 0, nayo huamka, ila 1 inaifanya itumie saa ya jairoskopu ambayo ni tulivu zaidi.

Andika 3 kwenye 0x1A. Hiki ni kichujio cha ndani kinachokata mitetemo ya juu ya takriban hezi 44, na ucheleweshaji wake ni kama milisekunde 5, ambao jicho halitauona. Andika 0x08 kwenye 0x1B ili jairoskopu ipime hadi nyuzi 500 kwa sekunde, na 0 kwenye 0x1C ili akselerometa ipime hadi mara 2 ya uvutano. Mazoezi ya goti hufanywa polepole, kwa hiyo mipaka hiyo inatosha na usahihi unabaki mzuri.

Kuanzia rejista 0x3B soma baiti 14 kwa mkupuo mmoja: sita za akselerometa, mbili za joto, sita za jairoskopu. Kila namba ina baiti mbili, kubwa kwanza, na lazima uihifadhi kama namba ya biti 16 yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Ukisahau alama hiyo, kihisi kikiinama kidogo upande wa hasi kitaonyesha namba kubwa ya ajabu. Gawanya za akselerometa kwa 16384 upate kipimo cha g, yaani mara ngapi ya uvutano, na za jairoskopu kwa 65.5 upate nyuzi kwa sekunde.

Soma vihisi vyote viwili mara 100 kwa sekunde. Hata kwa kasi ya kilohezi 100, kusoma baiti hizo kwa kihisi kimoja huchukua chini ya milisekunde 2, hivyo nafasi ipo tele, na kasi hiyo ndogo inavumilia waya mrefu kuliko kilohezi 400.

Hatua ya 3: Sawazisha

Hakuna kihisi kinachotoka kiwandani kikiwa safi. Karatasi ya maelezo ya MPU-6050 yenyewe inaruhusu jairoskopu iliyotulia ionyeshe hadi nyuzi 20 kwa sekunde, kwa kujumlisha au kutoa.

Washa kifaa ukiache dakika chache kipate joto lake. Hili lina maana kwetu, kwa sababu kifaa kilichosawazishwa asubuhi na mapema kitabadilika adhuhuri chini ya paa la mabati. Kiweke mahali pasipotikisika, kisha chukua sampuli 1000 na upate wastani wa kila mhimili wa jairoskopu. Wastani huo ndio wa kutoa kwenye kila usomaji. Hii hufanywa kila unapowasha, nayo huchukua sekunde 10. Andika kwenye programu kwamba mkono wowote ukigusa kifaa katika sekunde hizo, ianze upya. Namna rahisi ni kulinganisha usomaji mkubwa na mdogo: tofauti ikizidi nyuzi 2 kwa sekunde, kuna aliyegusa.

Akselerometa husawazishwa mara moja tu, mezani. Funga bodi ndani ya kikasha chenye pembe za mraba na ukisimamishe kwa pande zake zote sita juu ya meza uliyoihakiki kwa pima maji. Kila mhimili utakuwa na usomaji ukielekea juu na mwingine ukielekea chini. Ukijumlisha viwili hivyo ukagawanya kwa 2 unapata kosa la kuanzia, ukitoa kimoja kwa kingine ukagawanya kwa 2 unapata kipimo cha g moja. Hifadhi namba hizo kwenye kumbukumbu ya kudumu ya ESP32.

Usihangaike kwamba hapa karibu na ikweta uvutano ni kama 9.78 na si 9.81 ya vitabu vya shule. Pembe inatokana na uwiano wa mihimili miwili, na uwiano haujui tofauti hiyo.

Hatua ya 4: Geuza namba kuwa pembe

Tutafunga bodi zote mbili upande wa nje wa mguu, mhimili wa X ukielekea nyongani na mhimili wa Z ukitazama nje. Kwa mpangilio huo goti likikunjika, bodi huzunguka kwenye Z. Kiini cha programu kwa kila kihisi ni hiki:

```
pembe = pembe + kasiZ * dt;
timazi = atan2(-ay, ax) * 57.296;
g = sqrt(ax*ax + ay*ay + az*az);
if (g > 0.9 && g < 1.1 && fabs(az) < 0.7)
    pembe = pembe + 0.02 * kunja(timazi - pembe);
pembe = kunja(pembe);
```

Mstari wa kwanza ni jairoskopu. Thamani ya dt, yaani sekunde zilizopita tangu usomaji uliotangulia, ipimwe kwa saa ya ndani ya bodi, micros, kila mzunguko. Usiichukulie kuwa 0.01, kwa sababu Wi-Fi ikiwa na kazi nyingi mzunguko mmoja unaweza kuchelewa.

Mstari wa pili ni timazi. Ile alama ya kutoa mbele ya ay si pambo: mwili ukizunguka upande mmoja, uvutano ukiangaliwa kutoka ndani ya kihisi huonekana ukizunguka upande wa pili. Ukiiacha, jairoskopu na timazi zitavutana na pembe itaogelea bila kutulia.

Sharti la `if` linaamua lini timazi iaminiwe. Jumla ya mihimili ikiwa mbali na g moja, mguu unatikiswa au umegongwa, tunasubiri. Mhimili wa Z ukizidi 0.7, mgonjwa amegeukia ubavu na timazi haioni tena tunachokitaka.

Namba 0.02 inamaanisha timazi inarekebisha asilimia 2 ya kosa kila mzunguko. Kwa mizunguko 100 kwa sekunde, sehemu kubwa ya kosa inafifia ndani ya takriban nusu sekunde. Ile jairoskopu yenye kosa la nusu nyuzi kwa sekunde, ambayo peke yake ingepotea kwa nyuzi 30 kila dakika, sasa inabaki na kosa la robo nyuzi tu, leo na hata baada ya saa nzima. Ukiona namba inarukaruka, punguza hadi 0.01. Ukiona inachelewa kurudi baada ya mtikisiko, ongeza. Kuna vichujio vyenye hesabu nzito zaidi, kama cha Kalman cha mwaka 1960 au cha Madgwick, na kwa ndege zisizo na rubani vina kazi yao. Kwa kiungo kinachokunjika kama bawaba, mistari hii sita haizidiwi kwa kiasi ambacho mgonjwa atakihisi.

`kunja` ni kipengele kidogo unachokiandika mwenyewe: kinachukua pembe na kuirudisha kati ya -180 na 180 kwa kujumlisha au kutoa 360. Bila hicho, siku kihisi kitakapovuka kutoka 179 kwenda -179, kichujio kitadhani mguu umezunguka duara zima na kuanza kuuburuta kupitia sifuri.

Anza kwa kuipa `pembe` thamani ya timazi, ili kifaa kisianze kikiwa kimepotea. Pembe ya goti ni tofauti ya vihisi viwili, ukitoa `mwanzo`, yaani namba ya kuanzia tutakayoiweka katika Hatua ya 7:

```
goti = kunja(pembePaja - pembeMuundi) - mwanzo;
```

Mguu wa kulia na wa kushoto hutoa alama zinazopingana, kwa hiyo weka kitufe cha kuchagua mguu kwenye ukurasa wa simu.

Hatua ya 5: Jaribu kwenye mbao kwanza

Kifaa kisiguse mguu wa mgonjwa kabla ya kupita hapa. Chukua vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa bawaba ya mlango. Funga kihisi kimoja kila upande, viweke wima ubavuni mwa meza, na pima kwa kipimapembe cha seti ya jiometri: 0, 30, 60, 90, 120. Kifaa kisitofautiane na kipimapembe kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3. Tofauti ikiwa ileile kila mahali, ni ya `mwanzo` tu. Ikiwa inakua kadiri pembe inavyokua, rudi kwenye usawazishaji wa akselerometa.

Kisha kunja na kukunjua mbao kwa dakika kumi mfululizo, uzirudishe kwenye 90. Namba isiporudi, jairoskopu haikusawazishwa vizuri au sharti la `if` linakataa timazi wakati wote. Chapisha g kwenye skrini uone iko ngapi.

Mwisho, laza mbao ubapa mezani na uzikunje. Namba zitaanza kuhama polepole. Mwonyeshe hili mtaalamu wa fiziotherapia kwa macho yake, ili ajue kwa nini zoezi la kulala ubavu halipimwi kwa kifaa hiki.

Hatua ya 6: Peleka kwenye simu bila bando

ESP32 inaweza kutengeneza mtandao wake wa Wi-Fi. Simu ikijiunga nao na kufungua 192.168.4.1, inapata ukurasa uliohifadhiwa ndani ya bodi. Hakuna bando, hakuna programu ya kupakua, na taarifa za mgonjwa haziondoki chumbani. Tuma pembe mara 20 kwa sekunde kwa websoketi, yaani njia inayobaki wazi kati ya bodi na ukurasa. Zaidi ya hapo ni kuchosha simu bure.

Ukurasa wenyewe uwe mtupu. Namba moja kubwa inayosomeka na mzee asiyevaa miwani, mstari wa lengo aliouweka mtaalamu, na hesabu ya mikunjo. Andika kwa lugha ya mgonjwa. Mimi huweka Kiswahili, Kisamia na Luganda. Mkunjo uhesabiwe pale tu pembe inapovuka sehemu kubwa ya lengo kisha ikarudi chini kabisa, la sivyo goti linalotetemeka karibu na mstari litahesabiwa mara tano.

Baadhi ya pawa benki hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Wi-Fi ya ESP32 kwa kawaida hula vya kutosha kuzuia hilo, lakini jaribu yako kwa nusu saa kabla ya kuiamini.

Hatua ya 7: Funga kwenye mguu

Hapa ndipo usahihi mwingi hupotea, na si kwa sababu ya elektroniki. Nyama inasogea juu ya mfupa. Kihisi cha paja kiweke upande wa nje, katikati ya nyonga na goti, mbali na msuli mkubwa wa mbele unaovimba mgonjwa anapojikaza. Cha muundi kiweke upande wa nje pia, juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale mfupa unapoguswa moja kwa moja chini ya ngozi. Mkanda uwe umekaza kiasi cha kidole kimoja kupenya kwa shida. Usiufunge juu ya kidonda, mshono au ngozi iliyovimba, na ukiwa juu ya nguo nyepesi ni afadhali kwa usafi.

Sasa `mwanzo`. Kwa mtu asiyeumia ungemwambia anyooshe mguu, ukabonyeza kitufe, ikawa sifuri. Majeruhi wengi hawawezi kunyoosha mguu kabisa. Anayefika kwenye nyuzi 15 tu, ukimwandikia sifuri umemdanganya kwa nyuzi 15 siku zote. Kwa hiyo mtaalamu apime kwanza kwa goniometa mguu ulionyooshwa kadiri unavyoweza, na namba hiyo iandikwe kwenye ukurasa. Kifaa kianzie hapo. Kila mkanda ukifunguliwa na kufungwa upya, rudia.

Mgonjwa asivae kifaa kikiwa kimechomekwa kwenye chaja ya ukutani, hata kwa dakika moja. Chaja nyingi za mitaani hazina kinga ya kuaminika kati ya volti 240 na waya wa USB. Pawa benki ichajiwe ikiwa imeachana na mwili.

Ukihitaji kweli kujua mwelekeo wa upande

Bega ni jambo jingine. Mkono huzunguka pande zote, na timazi peke yake haitoshi. Hapo ndipo kihisi chenye magnetometa kama BNO055 ya Bosch, kinachofanya hesabu zote ndani yake, kinapofaa. Katika nchi yetu dira ina bahati: nguvu ya sumaku ya dunia hapa ni kama mikrotesla 33 na karibu yote imelala kimlalo, ilhali London, ingawa jumla yake ni kubwa zaidi, sehemu kubwa inazama ardhini na dira inabakiwa na kimlalo kidogo kuliko hiki chetu.

Lakini angalia chumba cha mazoezi. Kitanda ni cha chuma, kiti cha magurudumu ni cha chuma, madirisha yana nondo. Magnetometa iliyosawazishwa mlangoni itasema uongo kando ya kitanda. Kama huna budi kuitumia, mgonjwa akae kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, na usawazishe palepale alipokaa, kwa kuzungusha kihisi hewani pande zote kabla ya kukifunga.

Kliniki ya kwanza

Mtaalamu na kifaa wapime pamoja, goniometa mkononi, simu mezani. Wakipishana kwa nyuzi 5 au chini, endeleeni. Wakipishana zaidi, karibu kila mara ni mkanda uliolegea au bodi iliyopinda ndani ya kikasha. Fanyeni hivyo kila kliniki, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa kwa tarehe.

Nyumbani mpe maagizo mafupi: kaa kitini au lala chali, subiri sekunde 10 bila kugusa, kunja hadi lengo, pumzika. Maumivu makali, uvimbe mpya au goti kuwa na joto, acha zoezi na umpigie mtaalamu, hata kama simu inaonyesha lengo halijafikiwa. Liseme hili mbele ya jamaa wanaomuuguza, kwa kuwa mara nyingi wao ndio humhimiza azidishe wakiona namba iko karibu.

Kila kifaa kinapohama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, fua mikanda kwa sabuni na uianike juani, na vikasha uvifute kwa spiriti. Nyaya zikague karibu na goti, mahali zinapokunjwa mara mamia. Ndipo zinapokatika kwanza, na dalili yake ni kihisi cha muundi kuganda kwenye namba moja huku mguu ukiendelea kusogea. Programu ikiona baiti 14 zilezile zikirudi mara kadhaa mfululizo, ifute namba kwenye skrini na kuandika neno moja kubwa: WAYA.